Odowa ya Mzee Makhanu

Nangila alikuwa ameinama akichagua nyanya kwenye kibanda cha Wariara, pale kona ya mtaa wa zamani wa reli, Wariara alipompa hongera kwa ajili ya mjukuu anayekuja.

"Mjukuu gani?" Nangila akauliza.

"Wacha kunificha, Mama Jerry. Si mzee wako ananunua odowa hapa kila mara? Anasema ni ya bibi ya Jerry, ati mimba inamsumbua. Mimi nikasema huyo ni mzee wa maana. Wazee wengine hata hawawezi kujua watoto wa vijana wao wanaitwa nani."

Odowa ilikuwa palepale mezani, kando ya vitunguu: vipande vya mawe laini ya udongo, vya rangi ya kijivu, vimefungwa kwa karatasi za gazeti. Wanunuzi wake walikuwa wanawake wajawazito. Walikuwa wakisimama hapo, wanavunja kipande kwa meno, wanafumba macho kama mtu aliyeonja asali, halafu wanaenda zao. Nangila mwenyewe aliitafuna alipokuwa na mimba ya Jerry, na hiyo ni zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Alicheka kidogo, cheko la kupita nalo, akalipia nyanya akaondoka. Alipofika kwenye mlingoti wa stima akasimama akampigia simu mke wa mwanawe, aliyekuwa akiishi Karagita, huko Naivasha, ambako Jerry alikuwa msimamizi katika shamba la maua.

"Cate, mama, habari ya huko? Hebu niambie ukweli. Uko na mimba?"

Cate alikuwa amefunga uzazi baada ya mtoto wa tatu, na Nangila alijua hivyo vizuri kwa sababu ndiye aliyempeleka hospitali.

"Mum," Cate akasema polepole, "nani amesema Jerry ako na mtu ana mimba?"

"Sijasema hivyo."

"Basi kwa nini unaniuliza mimi kitu unajua haiwezekani? Mum, kama kuna mwanamke huko nje, niambie tu."

Nangila akamwambia hapana, hapana, ni maneno ya sokoni, akakata simu. Hakuwa amezima moto. Alikuwa ameumwagia mafuta ya taa.

Njiani akaanza kupiga hesabu za mwanamke aliyeolewa siku nyingi. Cate hana mimba. Odowa inanunuliwa. Mnunuzi ni Makhanu. Basi kuna mwanamke mahali fulani anayeitafuna.

*

Ingekuwa mwanamume mwingine, lingemwingia akilini upesi. Lakini Makhanu! Mzee wa kanisa mwenye miaka sitini na minane, aliyepasuliwa kifua miaka mitatu iliyopita akawekewa valvu ya chuma kwenye moyo, baada ya ile aliyozaliwa nayo kukakamaa kama bawaba yenye kutu. Chumba kikitulia, valvu ile ilisikika ikifanya kazi, tik, tik, tik, kama saa iliyofichwa chini ya mto. Wageni waliangaza macho ukutani wakitafuta saa. Nangila yeye alikuwa ameizoea, na usiku asipoisikia vizuri alikuwa akisogea karibu.

Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji, Makhanu alikuwa kama kijana. Mwaka wa pili akaanza kuchoka. Sasa alikuwa akisimama mara mbili kati ya lango na mlango, anajifanya anaangalia maua. Kuoga tu kulimfanya akae kitandani dakika nyingi, taulo mabegani, akihema. Uso wake mweusi wa kung'aa ulikuwa umegeuka kuwa wa rangi ya majivu. Kliniki alikuwa akienda bila kukosa, wanamtoa damu kuangalia kama ile dawa ya kuifanya damu isigande inafanya kazi, wanamuuliza anajisikiaje. Jibu lake halikubadilika: "Niko sawa, daktari. Mungu ni mwema."

Mtu anayeshindwa kujifunga viatu, Nangila akajiuliza, anapata wapi nguvu za kutafuta mwanamke? Lakini wivu hauulizi maswali ya hekima. Alasiri ile Makhanu aliposema anatoka kidogo kumwona Owuor, rafiki yake aliyefanya naye kazi karakana ya reli, Nangila alingoja kidogo, akavaa malapa, akamfuata.

Hakwenda mbali. Makhanu hakuwa hata ametoka langoni. Alikuwa nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na ukuta, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwake.

"Ni nani?" Nangila akasema.

Mzee akashtuka. Hakugeuka.

"Nakuuliza, Baba Jerry. Huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?" Sauti yake ilitoka nzito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni.

"Huyo unayemnunulia odowa!"

Ndipo akageuka. Vumbi la kijivu lilikuwa limemjaa kwenye midomo na kwenye masharubu yake meupe. Mapajani alikuwa na karatasi ya gazeti iliyofunguka, na shavu lake moja limevimba kwa jiwe alilokuwa hajalimeza.

Makhanu akajaribu kutafuna harakaharaka amalize, na mlio wa lile jiwe chini ya meno ya mzee yule ulikuwa wa kusikitisha kuliko kilio.

"Hakuna mwanamke," akasema mwishowe. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Sijui ni nini, Nangila. Mvua ikinyesha kidogo kwenye vumbi, ile harufu inaniita kama jina langu. Usiku naota nikilamba ukuta. Nimejaribu kuacha. Nimefunga, nimeomba. Nikikaa siku mbili bila hii kitu mate yananijaa mdomoni." Akafuta masharubu kwa kiganja, akazidi kuyachafua. "Mzee mzima. Nakula mawe kama mwanamke mjamzito. Tafadhali usimwambie mtu. Ningependa nife nikiwa na heshima yangu."

Aliyekuja akiwa na hasira ya kutosha kubomoa ukuta alijikuta amepiga magoti, anampangusa mumewe mdomo kwa ncha ya leso.

*

Siri hiyo haikukaa hata wiki. Jumapili, baada ya kanisa, Jerry alifika na Cate. Walikuwa wameketi kila mmoja kwenye kochi lake, na Cate alikuwa na macho mekundu.

"Mum," Jerry akaanza, "mimi nataka uniambie mbele ya huyu mwanamke ni wapi ulisikia nimempa mtu mimba. Maana siku nne nalala kwenye kiti."

Nangila alimtazama mumewe. Makhanu alikuwa pembeni karibu na dirisha, amefunikwa blanketi ingawa jua lilikuwa kali, kwa sababu siku hizi alikuwa akisikia baridi wakati watu wote wanatoa masweta. Nangila alikuwa ameahidi kutosema.

"Jerry, hujafanya kitu," Makhanu akasema. "Cate, mama, huyo bwana yako hana makosa. Nilidanganya kwa jina lako. Odowa ni yangu. Mimi ndiye nakula."

Cha kwanza kusikika baada ya maneno hayo kilikuwa ile valvu. Tik, tik, tik. Jerry alimtazama baba yake, halafu akatazama chini, na shingo yake ikawa ya mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu.

Baadaye akamvuta mama yake jikoni, lakini jikoni na sebule zilitenganishwa na pazia tu.

"Mum, hii sasa imefika akili. Ile valvu imechoka. Damu haifiki kichwani, ndiyo maana anakula mchanga. Na hiyo operesheni haiwezi kurudiwa, unajua vile tulihangaika. Tuliuza shamba la nyumbani nusu. Mimi naona tumpeleke Bungoma mapema, akae na ndugu zake, tusije tukasumbuka na gari la..." Hakumaliza.

"La nini?" Makhanu akauliza kutoka upande wa pili wa pazia. "Maliza, kijana. Gari la kubeba maiti ni ghali kutoka Nakuru. Ni kweli. Mimi mwenyewe nimefikiria hivyo."

Jerry akaegemea ukuta, akajifunika uso.

Cate alinyanyuka akaenda akachuchumaa karibu na kiti cha baba mkwe wake. Akamshika mkono, akaugeuza, akaangalia kucha. Zilikuwa zimekuwa nyembamba na kubonyea katikati, kila moja kama kijiko kidogo.

"Baba," akasema, "mimi nikiwa na mimba ya Kui nilikula odowa mpaka nikaficha zingine ndani ya gumboots kazini. Halafu kliniki wakanipima, wakaniambia damu yangu iko chini sana, haina chuma. Wakanipa vidonge. Ikaisha. Siku moja tu niliamka nikaona ni mawe, basi." Akamtazama Nangila. "Si muulize daktari kwanza? Kabla ya Bungoma?"

*

Daktari Jepchumba alikuwa mgeni katika kliniki ile ya moyo, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimuuliza Makhanu anajisikiaje.

"Niko sawa, daktari. Mungu ni—"

Nangila akafungua mkoba, akatoa karatasi ya gazeti, akaweka jiwe la odowa juu ya meza, kati ya kompyuta na mashine ya kupima presha. Makhanu akafumba macho kwa aibu.

"Anakula hii," Nangila akasema. "Anasema yuko sawa lakini anakula hii. Na hawezi kupanda ngazi. Na anasikia baridi. Nisipokuambia mimi, hatakuambia mpaka tumzike."

Daktari hakucheka. Alichukua lile jiwe, akaligeuza, akaliweka chini kwa adabu, kana kwamba ni kitu cha thamani alichokabidhiwa. Kisha akamvuta mzee kope la chini kwa kidole. Ndani palipotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama karatasi. Akaangalia ulimi, ulikuwa laini bila vinundu. Akaangalia kucha.

"Mzee, magoti yanauma?"

"Kidogo. Lakini nilipata dawa nzuri duka la dawa. Vile vidonge vya maumivu, nakunywa asubuhi na jioni."

"Tangu lini?"

"Mwaka na kitu."

"Na choo, kimewahi kuwa cheusi? Kama lami?"

Makhanu akamtazama mkewe, akatazama dari. "Mara nyingi," akasema. "Sikujua hiyo pia ni ya daktari wa moyo."

Daktari akavuta kiti karibu, akawaeleza taratibu. Dawa ya valvu inaizuia damu isigande, na hiyo ni lazima ainywe maisha yake yote. Lakini vidonge vya magoti vilikuwa vimechubua tumbo, na kidonda kidogo kwa mtu wa kawaida kingeganda na kufunga. Chake kilikuwa kikivuja, tone kwa tone, mwaka mzima. Kila tone liliondoka na chuma chake. Tena wakamweleza wanachokula: walikuwa wamesikia mboga za majani zinaharibu dawa, wakaacha sukuma wiki na managu kabisa, na kila mlo waliushushia kwa chai nzito ya majani.

"Mboga si adui," daktari akasema. "Tunachotaka ni kiasi kilekile kila wiki, tupime dawa kulingana nayo. Na chai ikae mbali na chakula, inazuia chuma kuingia."

"Na valvu?" Nangila akauliza. Ndilo swali alilokuwa nalo tangu Jumapili. "Kijana wetu anasema imechoka."

"Twende tuiangalie."

Chumba cha kipimo kilikuwa na giza la pazia. Makhanu alilala kwa ubavu, kifua wazi, lile kovu refu likishuka katikati, na daktari akapitisha kifaa chenye mafuta baridi chini ya titi la kushoto. Kwenye kioo cha mashine kukawa na ukungu wa kijivu, halafu ukungu ukapata umbo, halafu lile umbo likaanza kwenda.

"Hiyo hapo," daktari akasema.

Nangila akasogea. Aliona mistari miwili ming'avu ikifunguka na kufungika, inafunguka na kufungika, kwa pamoja, kama mlango wenye mabawa mawili unaosukumwa na watu wasioonekana. Na kila ilipofungika aliisikia, tik, ileile sauti aliyolala nayo miaka mitatu. Hakuwahi kuiona. Alikuwa akiifikiria kama kipande cha mashine kilichosahauliwa ndani ya mtu. Kumbe kilikuwa pale gizani, peke yake, hakijapumzika hata mara moja. Kilikuwa kikifunguka yeye akipika, kikifungika yeye akigombana na watu sokoni, kikimruhusu mumewe kupita kutoka pumzi moja kwenda nyingine. Akajikuta ameshika mdomo.

"Inafanya kazi vizuri sana," daktari akasema. "Mlango ni mzima. Shida ni kwamba damu inayopita hapo ni maji matupu."

*

Tumbo lilichunguzwa kwa kamera, kidonda kikaonekana, dawa ya tumbo ikaanza, vidonge vya magoti vikatupwa. Vidonge vya chuma vya kumeza vilimfanya Makhanu atapike siku zote alizovijaribu, na akiba yake ilikuwa imekwisha kabisa, kwa hiyo daktari akaamua chuma kiingie moja kwa moja kwenye mshipa. Jerry aliambiwa kwa simu kwamba valvu haina shida yoyote. Kesho yake alifika hospitali mwenyewe na chupa ya ile dawa ya chuma aliyoinunua, ameibeba kwa mikono miwili kama yai.

"Baba, yale maneno ya gari..."

"Ni hesabu tu ulikuwa unapiga," Makhanu akamwambia. "Kaa chini."

Muuguzi akatundika mfuko. Chuma kiliposhuka kwenye mrija Nangila alishangaa. Alitarajia kitu cha kung'aa, cha rangi ya misumari. Kilikuwa cha rangi ya hudhurungi iliyoiva, kama chai ya rangi iliyokaa jikoni tangu asubuhi, au kama maji yanayochuruzika kutoka bati kuukuu mvua ikinyesha. Kikashuka polepole hadi kwenye mkono wa Makhanu, kikaingia, kikapotea.

"Hiyo ni kutu," Makhanu akasema, akiitazama kwa jicho la fundi.

"Ni chuma kilekile, mzee," Daktari Jepchumba akasema. Alikuwa amepita kuwaangalia. "Chuma ni chuma, mwilini na nje."

"Mimi nimefanya kazi na chuma maisha yangu yote. Kuchomelea mabehewa, kunyoosha reli. Baba yangu pia. Niambie, mtu anahitaji kiasi gani? Ratili ngapi?"

Daktari akatabasamu. "Mtu mzima, kwa jumla? Chuma chote kilicho mwilini mwake, kutoka kichwani hadi miguuni, ukikikusanya hakijazi hata msumari mmoja wa inchi tatu."

Makhanu akamtazama kuona kama anatania.

"Msumari mmoja?"

"Hata hakifiki."

Mzee akalaza kichwa kwenye mto. Nangila alimwona akihesabu kimoyomoyo. Mabehewa. Nyundo. Milima ya vyuma chakavu nyuma ya karakana, ambayo alikuwa akiiruka kwenda kunywa chai. Misumari aliyoangusha kwenye nyasi akaona haina maana ya kuinama. Na katika hivyo vyote, kilichomfanya ainue nyundo, acheke, amwoe, amzae Jerry, aimbe sauti ya nne kanisani, kilikuwa hakitoshi msumari mmoja. Nacho kilipopungua kidogo tu, alianza kukaa nyuma ya tangi akila ardhi.

"Kumbe mwili ulikuwa unajua," akasema kwa sauti ndogo. "Haukuwa na jina la kile kitu, lakini ulijua kiko kwenye udongo. Ukanituma kukitafuta."

"Ulikutuma mahali pabaya," daktari akasema. "Ule udongo unazuia hata kile chuma kidogo cha chakula. Lakini ndiyo, ulikuwa ukitafuta."

Wote wanne, pamoja na Jerry aliyekuwa ameshika mguu wa baba yake juu ya blanketi bila kujua, walikaa wakitazama ile kutu ikishuka tone kwa tone, kama watu waliokaribishwa kushuhudia jambo ambalo kwa kawaida hufanyika mlango ukiwa umefungwa.

Haikupita wiki, Makhanu akaamka akamwambia mkewe kwamba mvua ya usiku ilikuwa na harufu ya mvua tu. Nangila alienda akasimama nyuma ya tangi peke yake akalia.

*

Wekundu ulirudi kidogokidogo, kwanza kwenye kope, halafu kwenye viganja, halafu siku moja Nangila akageuka kanisani akaona uso wa mumewe unang'aa kama zamani. Kucha ziliota upya kutoka chini, zimenyooka. Alitundikiwa mfuko wa chuma mara moja zaidi, na kila mwezi akapimwa: siyo tu kama damu ni nyepesi, bali pia kama inatosha.

Mwezi wa nane, Waithaka, mkulima wa viazi waliyejuana naye tangu enzi za reli, akapiga simu kutoka Dundori. Lango la zizi lake lilikuwa limevunjika bawaba na mafundi wa siku hizi walikuwa wanamtesa. Makhanu akasema atakuja kuliangalia tu, kwa macho. Nangila akasema haendi peke yake.

Gari liliwaacha barabarani. Kutoka hapo hadi kwa Waithaka ni njia ya miguu inayopanda katikati ya mashamba ya viazi, na huko juu hewa ni nyembamba na ya baridi. Walianza pamoja. Makhanu alikuwa akiongea juu ya bawaba, jinsi watu wanavyochomelea siku hizi bila kusafisha chuma kwanza, wanafunika uchafu ndani halafu wanashangaa ikiachia. Nangila alikuwa akiitikia, hmm, hmm, halafu akaona hawezi kuitikia na kupumua kwa wakati mmoja. Akasimama. Akashika nguzo ya seng'enge.

Mbele yake mumewe alikuwa anapanda. Sauti yake ilikuwa inaendelea, inamweleza mtu ambaye hayuko, na mgongo wake ulikuwa unakwenda ukipungua kati ya mistari ya viazi, umenyooka, bila kusimama kuangalia maua yoyote.

Nangila hakumwita. Hakutaka.

Makhanu alifika karibu na mikaratusi ndipo akagundua hajibiwi. Akageuka. Akamwona mkewe yuko chini kabisa, mdogo, ameshika nguzo. Akatazama ile njia aliyoipanda, yote, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeipanda na kumwacha pale juu. Akaweka mkono kifuani, akausikiliza moyo kwa muda.

Kisha akaanza kushuka. Alishuka mpaka chini, akachukua mkoba mkononi mwa Nangila, akautundika begani kwake, wakaanza kupanda tena.